Jino Ndani ya Shavu la Olwyn

Mervyn Triffitt ndiye aliyeuona ule uvimbe kwanza. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye barafu ya asubuhi, amempakata mnyama ndani ya gunia, anamfungua mdomo kwa kidole gumba kama alivyozoea. Ghafla mkono wake ukasimama. Nilipomwona anaufunika tena ule uso taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, nikajua kuna jambo.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Njoo uangalie mwenyewe, Leonie. Macho yangu leo siyaamini."

Nikainama. Shavu la kushoto, chini kidogo ya jicho, lilikuwa limetuna. Ngozi ya hapo imekaza na kung'aa, manyoya yamenyonyoka.

Alikuwa Olwyn. Mervyn aliwapa majike wetu majina ya shangazi zake, na shangazi Olwyn, alivyotuambia, alikuwa mama mmoja ambaye hakuna padri wala polisi aliyewahi kumshinda kwa maneno. Jike huyu alilistahili jina hilo. Tulipoupapasa mfuko wa tumboni tukakuta ana watoto, wadogo kama njugu, wameng'ang'ania chuchu.

Watu wa kisiwa hiki cha Tasmania tunamwita mnyama huyu shetani, kwa sababu ya makelele yake na taya zake zinazosaga mifupa. Ukikaa naye unaona jina hilo ni uonevu mtupu. Ana ugomvi wakati wa kula na wakati wa kutafuta mchumba, basi, kama watu wengine ninaowafahamu. Lakini ugomvi huo ndio uliomponza. Kuna saratani inayoambukizwa kwa meno: mmoja akimwuma mwenzake, seli za ugonjwa huhama kutoka uso mmoja hadi mwingine na kuota huko kama mbegu. Mwisho mdomo haufungi, na mnyama anakufa kwa njaa. Ndiyo maana Rasi ya Cutler ilikatwa kwa uzio shingoni, kutoka maji hadi maji, na ndani yake wakawekwa mashetani wasio na ugonjwa. Huko nje wakiisha, hawa ndio mbegu iliyobaki.

Mervyn alikuja kwetu akitoka kwenye misitu ya kaskazini-mashariki. Kazi yake huko ilikuwa kuwachoma sindano ya mwisho wale waliokwisha kuoza nyuso. Aliifanya mpaka msitu wenyewe ukanyamaza. Hakupenda kuyazungumza hayo.

Na mwezi wa nne dhoruba ilikuwa imeangusha mkalitusi mkubwa juu ya uzio. Tuliukuta asubuhi yake, tukaukata, tukaziba. Hatukuona nyayo za mgeni. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mvua hufuta nyayo.

"Kuna kimoja kiliingia," Mervyn alisema tukiwa garini, Olwyn akiwa kwenye kizimba nyuma yetu. "Kiliingia, kikamwuma, kikaondoka au kikafa. Tumekwisha."

"Hujui."

"Nyuso hizi nimeziona nyingi kuliko wewe ulivyowaona paka. Tummalize leo, kabla hajamgusa mwingine. Nitafanya mwenyewe."

Nilimpigia simu Daktari Elspeth Pybus kule Launceston. Huyu alianzia hospitali za watu, akisoma saratani zao chini ya hadubini, kisha akahamia kwa wanyama. Ukimwuliza kwa nini, anakwambia saratani ya mtu hufa na mwenyewe, lakini hii imekataa kufa, na yeye anataka kujua imejifunzia wapi ukaidi huo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aongee na Mervyn. Nikaiweka simu kwenye spika wote tusikie.

"Mzee Merv, shikamoo. Sindano yako iweke kwanza."

"Marahaba, daktari. Unanionea huruma au unamwonea yeye?"

"Simwonei mtu huruma, nakwambia hesabu. Ukimwua leo, nitapata mzoga, na jibu litachukua muda uleule. Mfungie peke yake, hatamwuma mtu yeyote. Watoto wanaendelea kunyonya. Kungoja kunakugharimu usingizi tu."

"Usingizi wenyewe sina tangu mwaka juzi," Mervyn akasema. Lakini sindano akairudisha kwenye sanduku.

Kesho yake daktari akaja na mashine ndogo ya eksirei, ile ya kubebeka. Tukamlaza Olwyn kwa dawa ya usingizi juu ya meza tunayolia chakula. Daktari akaingiza sindano nyembamba kwenye uvimbe, akavuta kidogo, akapaka kwenye vioo vya hadubini. Kisha akapiga picha. Wote watatu tukakiinamia kioo cha kompyuta.

Fuvu lilionekana jeupe, vizuri kabisa. Na ndani ya uvimbe, mbali na meno yake mwenyewe, kulikuwa na kitu kingine cheupe, chenye ncha.

"Hilo ni jino," daktari akasema.

"Lake?"

"Yake yote yapo. Hili ni la mwenzake. Limevunjikia humo."

Mervyn akatoka nje. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Sote tulikuwa tumeelewa jambo moja: hapa hapakuwa na swali tena la kama aliumwa. Aliumwa, tena kwa nguvu, na ugonjwa ule husafiri kwa njia hiyohiyo. Swali lililobaki ni nani aliyemwuma.

"Ninyi tafuteni kibogoyo," Daktari Pybus akaniambia akifunga mkoba wake. "Mimi natafuta seli. Tuone nani atatangulia."

Tukatega mitego rasi nzima, ile ya mabomba marefu yenye nyama ya wallabi, kangaruu wadogo wa huku, mwishoni. Kila alfajiri tulizunguka kuifungua. Kila mnyama tulimtazama uso, ufizi, ulimi, na kila uso safi ulitupa nguvu ya kwenda kwenye mtego unaofuata. Mchana Mervyn alikuwa akienda kukaa karibu na kizimba cha Olwyn, na Olwyn alimzomea kila mara, mdomo wazi, kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

"Nakusaidia, mama, nawe unanitukana," nilimsikia akimwambia siku moja. "Haya, tukana. Ukinyamaza ndipo nitakapoogopa."

Yule tuliyemtafuta alipatikana upande wa mchanga. Dume zee, masikio yamechanika, tuliyemwita Godfrey. Mervyn alimfungua mdomo, kisha akanisogezea uso wa mnyama nione. Chonge la juu la kulia lilikuwa limekatika nusu.

"Godfrey," akasema. "Mshenzi mkubwa wewe."

Nikapitisha kisomaji shingoni mwake, kile kinachosoma alama iliyo chini ya ngozi. Kikalia. Alizaliwa hapahapa rasini, na uso wake ulikuwa safi kama wa mtoto. Hakuwa mgeni wa dhoruba. Alikuwa bwana harusi tu wa mwezi wa tatu, msimu wao wa uchumba, asiye na adabu.

Mervyn hakufurahi bado. "Huyu ni mzima leo," alisema. "Lakini kama mgeni alimwuma Godfrey kwanza, je? Ugonjwa hukaa kimya miezi."

 Tukamfungia Godfrey ndani ya kizimba kingine, naye akala kama hakuna kilichotokea duniani.

Simu ililia tukiwa jikoni, Mervyn akikata pai ya nyama aliyoipasha. Kisu kikabaki hewani.

"Mko wote?" Daktari Pybus akauliza. "Basi kaeni. Nimezitazama zile seli. Nimezitia ile dawa inayoitambua saratani yetu; ingekuwepo ingegeuka kahawia. Haikugeuka. Nikadhani nimekosea, nikarudia, na pembeni nikaweka kipande cha mgonjwa wa zamani. Kile kikawa kahawia, cha Olwyn hakikuwa. Kilichomo humo ni usaha, vijidudu vya mdomoni, na seli za mwili zinazopigana navyo. Ni jipu, Mzee Merv. Jipu kuukuu lenye jino ndani."

Mervyn akaisogelea simu, kisu bado mkononi.

"Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. "Rudia lile neno."

"Jipu."

Akaweka kisu chini. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akinipa mgongo, mabega yakitikisika. Nilidhani analia, nikamfuata. Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka, anacheka bila sauti kama mtu aliyebebwa na maji halafu akaukanyaga mchanga.

"Jipu," akaniambia. "Shangazi yangu Olwyn naye aliwahi kuwa na jipu. Mahali ambapo siwezi kukutajia."

Daktari alirudi kulipasua. Jino lilitoka na harufu iliyotukimbiza sote mlangoni isipokuwa yeye. Shavu likaoshwa, likapona, watoto mfukoni wakaota manyoya. Godfrey alipimwa tena na tena, mpaka Daktari Pybus akasema hana la kutafuta zaidi kwake. Uzio tukauongezea nyaya, na mikalitusi iliyouinamia ikakatwa. Hofu haikuisha yote. Mahali kama petu haiishi. Lakini ilirudi kuwa ya saizi ambayo mtu anaweza kuishi nayo.

Tulimwachia Olwyn jua likielekea kushuka, kando ya kijito. Mervyn akafungua kizimba, akarudi nyuma. Olwyn akachungulia, akanusa hewa, akatuzomea mara moja, kisha akaondoka na mwendo wake ule wa kuchechemea, mfuko umejaa watoto, akaingia kwenye vichaka.

"Hata asante," nikasema.

"Alishaisema," Mervyn akanijibu. "Hukuisikia?"

Akafunga kizimba, akakipakia garini, na njia nzima ya kurudi akawa anapiga mluzi.