Sakafu ya Bikizee

Mzee alikuwa na pikapu moja na majivuno ya mtu mwenye kumi. Alimwita Bikizee, akamwosha kila asubuhi kabla ya chai, na aliyethubutu kusema gari lile limechoka aliambiwa achoke yeye. Lakini chini ya miguu ya dereva palikuwa na zulia kuukuu, na chini ya zulia palikuwa na siri: kutu ilikuwa imekula sakafu mpaka barabara ikaonekana. Binti yake alijua, na jambo hilo lilimkera kuliko yote, maana yeye mwenyewe alikuwa fundi bodi.

Alikuwa na gereji yake, mashine yake ya kuchomelea, na wateja waliomwita Cheche kwa heshima zote. Magari ya watu baki yaliingia kwake hoi, yakatoka yamenyooka. La baba yake halikuwahi kukanyaga pale. Mzee alimpeleka Bikizee kwa rafiki yake mmoja, aliyepaka puti juu ya kutu, na rangi juu ya puti, na sifa juu ya rangi. "Cheche ni mwanangu, nampenda," mzee alizoea kusema, "ila gari ni gari." Maneno hayo yalimfikia binti, akayameza, yakamkaa kooni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku moja karibu na soko mzee alikanyaga breki. Breki ikakubali, sakafu ikakataa. Kisigino cha mguu wa pili kilizama sakafuni, kiatu kikabaki barabarani, na gari lililokuwa nyuma likakipitia. Watu walicheka wakashika mbavu. Mzee akamwingiza Bikizee gerejini kwa binti yake, kiatu kimoja mguuni.

Fundi matairi wa jirani hakumwacha apite hivihivi.

"Shikamoo, mzee! Siku hizi tunavaa kimoja kimoja?"

"Marahaba. Funga mdomo kabla sijakuziba na hiki kilichobaki."

Cheche alijizuia asicheke. Akaondoa zulia, akachokoa sakafu kwa bisibisi, ikazama kama kwenye mkate uliolowa.

"Bandika kipande cha bati juu, yaishe," alisema mzee.

"Baba, kutu haichomelewi. Nikibandika juu utarudi hapa na miguu yote miwili nje. Nakata mpaka nikute chuma."

"Na ukiniharibia gari?"

"Nikiliharibu, nafunga gereji."

Alijua amesema kubwa, lakini neno likishatoka halirudi. Hata fundi matairi aliacha kucheka.

Akawasha grenda, akaanza kukata. Chuma alichokitafuta kikawa kinamkimbia: kutu ilikuwa imepanda hadi kizingiti cha mlango, ikaingia mpaka chini ya kiti. Alipomaliza kukata, nusu ya sakafu ilikuwa kapu la vipande vyekundu, na ndani ya gari mtu angeweza kusimama kwenye mchanga. Mzee alikaa juu ya tairi, akashika kichwa. "Umeniulia Bikizee," alisema taratibu, na kule kusema taratibu ndiko kulikomtisha binti. Kama mzee alikuwa na haki miaka yote hii, je?

Akapiga moyo konde. Alikata kiolezo cha karatasi ngumu ya boksi, akakipima, akakitupa, akakata kingine. Kwa hicho akakata bati nene, akalikunja migongo kama ya sakafu ya kwanza. Akachomelea doa hapa, doa kule, akisubiri lipoe lisije likajikunja kwa joto. Akasaga maungio, akapaka rangi ya kuzuia kutu juu, kisha akalala chali akapaka na chini, ambako hakuna mteja anayechungulia. Kila siku mzee alikuwa akilisogeza tairi lake karibu zaidi. Mwishowe alikuwa akimshikia taa, na hakuna aliyemwomba.

Rangi ilipokauka, mzee alichukua nyundo, akagonga kutoka kizingitini hadi chini ya kiti. Kila mahali palilia chuma. Akapanda, akarukaruka ndani kwa uzito wake wote.

Cheche akamletea zulia jipya alilolinunua na kulikata kwa kipimo. Mzee akalipokea, akalikunja, akalitupa nyuma penye mizigo.

"La kukanyagia hilo, baba."

"Zulia la nini? Kazi ya mwanangu niifunike?" Kisha akapaza sauti mpaka barabarani: "Wewe wa matairi! Njoo uone sakafu! Na huku ndani hakuingiwi na viatu!"

Fundi matairi akaja, akavua vyote viwili. Cheche alikuwa amejaa fahari. Akageuka upesi kwenda kuzima mashine, iliyokuwa imezimwa tangu asubuhi.