Jiwe la Murugi

Jumanne tarehe 11 Machi 2025 nilirudi kutoka Sagana nilikoenda kuchukua dawa ya presha, nikakuta kaburi la mke wangu halina kichwa.

Sikuwa nimemwekea Murugi msalaba. Nilimwekea jiwe lake, lile jeusi lenye madoa meupe kama maharagwe, alilolitoa mtoni mwenyewe akalibeba mgongoni kama kuni. Miaka yote alilikalia hapo mlangoni akichambua mchele wa Mwea, na mgeni akilikalia anaambiwa, "Toka kwa kiti ya mwenyewe." Sasa pale kaburini palikuwa na shimo na vumbi la nyundo.

Jirani yangu Mbeti aliniambia ni watu wa chuo kikuu, wale wanaotafuta mahali moto wa Mlima Kenya ulifika zamani kabla haujazimika. Alipowauliza kwa nini wanapasua jiwe la watu, ati walisema sub-chifu ndiye amewaonyesha.

Sub-chifu Mutahi. Mtu aliyekula sahani mbili kwa mazishi ya Murugi, tena akashika maikrofoni kabla pasta hajaomba.

Nilimkuta ofisini akinywa chai na msichana wa chuo anayeitwa Sophie. Huyo simlaumu. Alinieleza kwa adabu kwamba jiwe la aina hiyo ni nadra, kwamba mawe ndugu zake yako kwenye kisiwa cha volkano huko kusini kabisa mwa dunia, kwenye barafu, na kwamba vipande vimeshapelekwa Nairobi vilinganishwe. Nikamwambia lilikuwa jiwe la kaburi. Aliweka kikombe chini, akamgeukia Mutahi kumuuliza kama alijua.

Mutahi akacheka. "Mzee, si utafute ingine? Mto imejaa mawe."

Nikamuuliza bibi yake akipotea kama tutamtafutia mwingine sokoni. Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka, na hapo ndipo alikasirika. Akaanza kunisomesha sheria, ati mimi shamba langu ni la juu tu, la kulima.

"Kitu yote iko chini ya udongo ni ya serikali," akasema.

"Jiwe lilikuwa juu."

"Ilitoka chini, mzee."

"Na Murugi? Yeye yuko chini."

Akaanza kutazama simu yake. Sophie akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo nimemuuliza chifu, nikauliza hata barazani mbele ya wakubwa waliokuja na magari: kama ni hivyo, mke wangu ni wa nani?