Barabara ya Rutshuru Kwenye Mlango wa Gari

Mercedes ya Papa Grégoire ilikuwa ya buluu iliyokolea, lakini siku ilipofika kwangu, mtaa wa Murara, ungesema ni ya kijivu. Ilikuwa imesimama Rutshuru ukingoni mwa barabara kuu, chini ya mti wa avoka, tangu vita ile ya kwanza wakimbizi walipopita. Papa Grégoire, mfanyabiashara wa Butembo, aliinunua kwa wenyewe, akaivuta hadi Goma, akaitengeneza injini. Alitaka binti yake apande humo kwenda kuolewa Jumamosi.

"Mama Sidonie," aliniambia, "nataka nione uso yangu ndani ya hii gari."

"Uso huo, papa? Nitajaribu, lakini polishi nayo iko na mwisho wake."

Alicheka akaenda zake.

Nina diploma ya biashara. Sikusomea kung'arisha magari, lakini mume wangu alipokufa aliacha mashine, makopo ya nta na wateja, na watoto hawali diploma. Kazi yenyewe si uchawi. Rangi ya zamani haifi yote. Inakufa juu tu, kama ngozi ya kisigino. Unaosha mara mbili, kwa sababu vumbi letu la Goma ni jiwe la volkano lililosagika, na chembe moja ikibaki kwenye kitambaa inachora gari zima. Kisha unapaka polishi ya kukwangua, unasugua kwa mviringo mpaka ile ngozi iliyokufa itoke, unafuta, unapaka nta ya kulinda kilichobaki. Hatari ni kwamba kila unaposugua unapunguza rangi. Ukizidisha, hasa kwenye kingo, unaifikia rangi ya chini, ya kijivu, na hapo hakuna dawa tena.

Wiki ile kazi ilinisaidia kushughulisha mikono tu. Sidonie, binti yangu mkubwa, alikuwa anafundisha shule ya msingi Rutshuru. Mji ulitekwa, rezo ya simu ikakatika, na tangu hapo sikusikia sauti yake. Waliokimbia walijaa kambini Kanyaruchinya. Kila asubuhi nilikwenda huko, nikapita turubai kwa turubai nikiita jina lake, nikarudi peke yangu. Hivyo nilisugua.

Nilianza na kapo, kile kifuniko cha injini. Uji mweupe ukatoka kwenye kitambaa, buluu ikaanza kufunguka, na ndani yake nikaona watu wanapita. Wanawake wenye magodoro kichwani, mzee anavuta mbuzi, mtoto amebeba sufuria. Sikugeuka. Nani Goma anageuka kwa ajili ya hilo? Wamepita mbele ya lango la parsele yangu miaka yote, wakienda na kurudi.

"Wameanza tena kupita," nilimwambia Athanasie, mwanamke aliyetoka Masisi, ninayefanya kazi naye.

Alikuwa anafua vitambaa. "Benye wapi?"

"Wakimbizi. Hapa nyuma yangu."

"Mama Sidonie, nyuma yako kuko ukuta."

Nikageuka. Ukuta wa mawe meusi wa jirani, na kuku mmoja juu yake. Nikarudisha macho kwenye kapo. Walikuwa bado wanapita.

Athanasie alikuja, akainama, akaangalia, kisha akarudi nyuma akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Funika hiyo kitu."

"Ni mwangaza tu."

"Mwangaza unabeba magodoro? Funika, mama. Mimi niko jikoni."

Mimi si mtu wa kuamini ovyo. Nilikagua kapo kama ninavyokagua mkwaruzo, kutoka pembe hii na ile. Watu walitembea bila sauti na bila kuangalia kando. Nguo nyingine nilizijua tangu utoto wangu, vitambaa ambavyo haviuzwi tena sokoni. Niliona hilo, nikaliacha. Nyuma yao kulikuwa na kilima chenye antena tatu, na kilima kile nakijua. Ukitoka Kanyaruchinya unakikuta njiani. Gari lile lilikuwa limeitazama barabara ya Rutshuru miaka yote, ikawa kama limeimeza nzima, hadi huku Goma. Swali langu likawa moja tu: kama barabara imo humu, Sidonie yumo?

Nikasugua. Kila palipong'aa, kipande kingine cha barabara kilitokea. Kwenye ubavu wa mbele kulikuwa na mvua. Kwenye mlango wa dereva walipita wengi mpaka nikachoka kutafuta nyuso. Kwenye mlango wa nyuma, chini kabisa, nikaona sketi ya kahawia niliyomshonea Sidonie kwa mikono yangu. Mwenye sketi alikuwa amekaa juu ya jiwe, chini ya zile antena tatu, mguu mmoja ameunyosha, umefungwa kitambaa. Kichwa alikuwa amekiinamisha. Watu walimpita.

Sikuweza kuona kama anapumua.

Niliacha mashine, nikachukua kitambaa laini na polishi kidogo, nikasugua kwa kidole. Rangi pale ilikuwa nyembamba. Kijivu kikatokea ukingoni mwa mlango. Mzee wa mbuzi alitembea mpaka kwenye kile kijivu, akaisha. Mbuzi akamfuata. Nilisugua mara moja zaidi, na kijivu kikasogea kuelekea kwenye jiwe la Sidonie. Nikaondoa mkono kama nimeungua.

Nikachukua funguo.

"Unaenda wapi na gari ya mutu?" Athanasie alipiga kelele kutoka jikoni.

"Gari ni ya mutu, mutoto ni wangu."

"Na Papa Grégoire akikuya?"

"Mupe chai."

Baada ya Kanyaruchinya askari walikuwa wamefunga njia kwa kamba. Mmoja alikuja na bunduki mkononi.

"Mama, rudia. Kule ni vita."

"Naenda kuchukua mutoto."

"Ukipita, nitapiga hiyo gari."

"Basi piga upande wa kuume. Wa kushoto nimeisha kuupolisha."

Alicheka, akazunguka aone upande wa kushoto. Akainama mbele ya mlango. Kicheko kikakatika. Alishusha kamba chini na kusimama mbali nayo.

Barabara ilikuwa tupu kabisa. Hapakuwa na mtu wala pikipiki, wala hata mbwa. Penye antena tatu, Sidonie alikuwa amekaa juu ya jiwe, mguu ameunyosha. Alinyanyua kichwa aliposikia injini. Nilipoona kichwa kile kinanyanyuka, nilishuka hata kabla ya kuzima injini.

"Mama? Ni wewe njo mwenye gari ya kung'aa?"

"Nani alikuambia habari ya gari?"

"Hawa." Alionyesha nyuma yake, penye majani matupu. "Niliumia mugulu kule Rugari. Bakanibeba. Bakasema nikae hapa, kuko mama mumoja anakuya na gari ya kung'aa. Beko wapi sasa?"

Niliangalia mlango. Nilijiona nimemshika Sidonie kwapani. Nyuma yetu walikuwapo wote, bega kwa bega, hadi juu kwenye kilima. Hawakuwa wanatembea tena. Walikuwa wameligeukia gari, wanangoja.

Nilimweka Sidonie kiti cha mbele. Nilitaka kuondoka, nisidanganye. Lakini watu walikuwa wamembeba mtoto wangu, na mimi nina viti vitupu. Nikafungua mlango wa nyuma.

"Ingieni basi. Musongane. Ni gari ya arusi, musichafue viti."

Gari lilishuka upande mmoja, likashuka upande wa pili. Springi zililia, zikaendelea kulia kwa muda mrefu. Nilipofunga mlango ilibidi niusukume kwa kiuno.

Niliendesha kwa gia ya kwanza, macho mbele. Sidonie alilala. Nyuma yangu palinuka mablanketi yenye kulowa, na baridi ilinishika shingoni. Kwenye kamba, askari yule aliona wanawake wawili ndani ya gari lililoinama karibu kugusa lami. Akavua kofia.

Nyumbani, Athanasie alimpokea Sidonie, akamkumbatia, akamkalisha penye kivuli. Mimi nilifungua milango yote minne, nikasimama kando, nikangoja. Gari likaanza kunyanyuka, kidogo, kidogo tena, kama mtu anayetua mizigo mmoja mmoja. Kuku akaruka kutoka ukutani na kukimbia.

Athanasie alilitazama hadi liliposimama sawa.

"Beko wangapi?" aliuliza.

"Sijui. Teka maji mengi, bametoka mbali."

Akachukua ndoo zote mbili.