Mkojo Kwenye Nguzo ya Kamba

Mimi ni dobi, natambua harufu kabla sijaona doa. Asubuhi ile kwenye nguzo ya kamba ninapoanika mashuka ya watu, pua yangu haikuwa na shaka. Mkojo, tena wa muda si mrefu.

"Tarumbeta huyo," baba mkwe alisema kutoka barazani, kabla sijauliza kitu. "Mbwa wako hana adabu, mwanangu."

Tarumbeta alikuwa amejilaza mlangoni, ananitazama kwa jicho moja. Nilimshuku papo hapo. Asiye na kosa hatazami watu hivyo.

Nikamwaga maji ya sabuni. Nikamwaga siki. Nikatandaza maganda ya limau kuizunguka nguzo yote. Kila akimaliza kula nilimpeleka kwenye majani kule mwisho wa ua, karibu na choo, nasimama naye kama askari, na akikojoa nampa kipande cha mkate. Siku ya tatu alikuwa anakwenda mwenyewe. Nguzo ikaendelea kulowa, na mteja mmoja akarudisha shuka lenye pindo la manjano.

Mume wangu, dereva wa lori, alinipigia simu akiwa safarini. "Ikitokea tena, mpe yule seremala. Anatafuta mbwa wa karakana."

Nililia. Tarumbeta nilimlea kwa chupa tangu hajafumbua macho. Nikaanza kumshuku na mbwa mweupe wa jirani yetu nesi, nikawa namsalimia nesi wa watu shingo upande.

Ikatokea tena. Seremala akaja na kamba. Baba mkwe hakutoka chumbani kuaga.

Kesho yake nguzo ilikuwa imelowa.

Sasa ni mbwa wa nesi tu, nikajiambia, nimempata. Alfajiri iliyofuata nikajibanza nyuma ya mashuka, fagio mkononi. Mlango uliofunguka ulikuwa wa nyumbani kwetu. Baba mkwe alitoka akiharakisha kwa hatua ndogo ndogo, mkono mmoja ukutani, akielekea chooni. Alipofika kwenye nguzo akashindwa kuendelea. Aliegemeza paji la uso pale, akaguna kwa maumivu, na haja ikachukua muda mrefu sana. Kisha akaimwagia nguzo maji ya kikombe alichokuja nacho, huku akiangalia dirisha langu kama mwizi.

Nilificha uso kwenye shuka la mteja. Mkwe ni mkwe, sikutakiwa kumwona vile. Nilijionea haya kwa fagio lile.

Kabla ya chai nilikuwa kwa seremala. "Naomba mbwa wangu, fundi. Nilikosea." Hakuuliza mengi.

Tulipoingia uani, baba mkwe alikuwa barazani. Alimtazama Tarumbeta, akanitazama mimi, akainamisha macho.

"Baba," nilisema, nikijifanya nakunja mashuka, "huyu mbwa nahisi anaumwa. Haja ndogo inamsumbua. Nataka nimpeleke hospitali, pale anapofanya kazi nesi. Tungekwenda wote, unishikie kamba."



"Pale wanatibu watu," alisema mwishowe.

"Najua, baba."

Aliusugua mkono wa kiti kwa kidole gumba. Halafu akainuka polepole, akaingia ndani kuvaa viatu.