Sala ya Kuzindua Vibao

Ng'ombe wa Kwemlati hawatembei. Wanazaliwa bandani, wanakatiwa majani, wananyweshwa maji ya ndoo, na wengi wao huiona barabara ya lami mara moja tu, siku wanayopakiwa kwenda kuchinjwa. Kwa hiyo kibao chenye picha ya ng'ombe kiliposimikwa mbele ya duka la Hashimu, mwenyekiti wa kijiji, watu waliokuwa wakipakia kabichi waliacha kazi wakacheka.

"Mgosi, hapa anaonywa nani?" mmoja alimwuliza, akimwita bwana kwa Kishambaa. "Au ng'ombe wako amepata leseni?"

"Nyamazeni huko!" Hashimu alisema, ingawa naye alikuwa akicheka. "Mkiletewa mnanuna, msipoletewa mnanuna."

Mama mmoja, Yunis, hakucheka. Alitua mzigo wake wa majani, akaitazama barabara. Kutoka sokoni mpaka kanisani si mbali, mtu anaweza kuimaliza njia hiyo kabla hajamaliza wimbo mmoja wa kitabuni. Sasa nguzo za chuma zilikuwa zimesimama pande zote mbili. Kona. Tena kona. Mteremko. Watoto. Mwendo usizidi hamsini, na hatua chache mbele, hamsini tena, kana kwamba dereva ameshasahau. Kibao cha kuwakaribisha wageni Kwemlati kilikuwa kimekikinga kile cha kona, hata mtu anayepanda kutoka Soni asingekiona kile cha nyuma mpaka awe amekwisha kuifikia kona yenyewe.

Na kona hiyo ndiyo iliyokuwa shida yao. Chini kidogo ya kanisa, maji ya mlimani yalikuwa yakivuka lami na kuula ukingo wa upande wa bonde. Masika ya mwaka juzi, Nassoro, mume wa jirani yake Hawa, alitelemka pale na Fuso iliyojaa karoti, akaishia kwenye mawe ya mtoni. Baada ya maziko kijiji kizima kilikaa, Waislamu kwa Wakristo, wakakubaliana kuomba kitu kimoja tu: ukuta wa mawe wa kushika ukingo, na mtaro wa kupitisha maji. Yunis, ambaye ni mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri, alilibeba ombi hilo katika sala zake zote. Hakulipamba. "Bwana, tupatie ukuta." Kila ibada, mpaka watoto wa Sunday School wakawa wanaitikia kabla hajamaliza.

Jibu lilikuja kwa lori, nalo likawa limejaa vibao.

Angeweza kulisema hilo wazi mapema, kama si binti yake. Glory alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu tangu amalize chuo cha ufundi, akipalilia hoho na kujitahidi asionekane amekata tamaa. Kampuni iliyoleta vibao ndiyo iliyompa kazi ya kwanza, kushika bendera, nyekundu ya kusimamisha magari na kijani ya kuyaruhusu. Aliipenda. Jioni alifua kizibao chake cha kung'aa kwa mikono, akakianika kivulini kisipauke. Msimamizi wao, kijana mmoja aitwaye Alen, alikuwa amemwahidi kwamba baada ya uzinduzi wataelekea barabara nyingine upande wa Muheza, naye watamchukua, huenda hata wakamfundisha kuendesha mtambo wa kushindilia.

Ijumaa, Hashimu alikuja mpaka uani kwa Yunis.

"Mama Glory, kesho mgeni rasmi anakuja kuzindua vibao. Mwalimu Selemani ataomba dua upande wetu, wewe utaomba upande wa Kanisa. Fupi tu. Na iwe ya shukrani."

"Nishukuru nini, mwenyekiti?"

"Vibao."

"Tuliomba ukuta."

Hashimu alikuna shingo. "Najua tuliomba nini, na mimi nilikuwepo. Lakini tukiwaaibisha, hata mtaro hatutauona. Halafu," akashusha sauti, "binti yako yuko mikononi mwao. Mimi nakusaidia tu kufikiri."

Baada ya Hashimu kuondoka, Yunis alipiga magoti kando ya kitanda akatafuta shukrani moyoni mwake. Alizipata nyingi: kwa mvua, kwa mwanawe, kwa goti lake lililopona. Ya vibao hakuiona. Aliinuka na uzito uleule aliopigia magoti.

Mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Asubuhi alishuka kwenye kona, akamkuta Hawa ameshafika, kanga imelowa mabegani. Ufa mpya ulikuwa umepita kwenye lami sambamba na bonde, mtu angeweza kuingiza kiganja chake chote. Hawa alikuwa akifanya kama wafanyavyo watu wote wa barabara ile gari linapoharibika au udongo unaposhuka: alikuwa amekata matawi mabichi ya mkaratusi, akayatandaza kwenye lami kabla ya kona, juu na chini. Dereva wa milimani akiona majani barabarani, mguu wake unahamia kwenye breki wenyewe.

"Umeamkaje, Mama Nasra?" Yunis alimsalimu.

"Salama kidogo. Utawaambia, eti?" Hawa alisema bila kuinua macho. "Wewe watakusikiliza. Mtu akisimama kuomba hakatizwi."

Yunis alimsaidia kutandaza, kisha akarudi nyumbani kubadili nguo.

Aliporudi na kitenge chake cha ibada, turubai lilikuwa limefungwa karibu na kanisa, viti vya plastiki vimepangwa, spika zinapiga. Na pale kwenye kona Glory, ndani ya kizibao chake, alikuwa akiyaburuta matawi kuyatupa kando ya barabara.

"Glory! Unafanya nini?"

"Shikamoo, mama. Alen amesema barabara iwe safi. Gari la mgeni haliwezi kupita juu ya takataka."

"Takataka? Umeuona huo ufa?"

"Nimeuona." Glory alitazama pembeni. "Amesema kibao cha kona kipo, ndiyo kazi yake. Mama, tafadhali, leo tu. Kesho nitayarudisha mwenyewe."

Yunis alitaka kusema mengi. Alimwona binti yake alivyokuwa akibana tawi moja kwapani, kama mtu aliyekamatwa nalo, akanyamaza. Kunyamaza kule kulimfuata mpaka kitini.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mpole wa umri wake, amevaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Mwalimu Selemani aliomba dua fupi ya kuwaombea wasafiri wote, akaketi. Kisha Hashimu akashika kipaza sauti. "Sasa mama yetu Yunis, kwa upande wa Kanisa, atushukurie."

Yunis alisimama. Mbele yake aliwaona watu wa kijiji, na Hawa amekaa mstari wa mwisho. Kando, karibu na utepe, alisimama Glory na bendera zake. Akafumba macho. Neno la shukrani lilimjia mdomoni likakataa kutoka. Basi akaanza kwa Kishambaa, lugha aliyofundishwa kusali na mama yake. Akamwambia Mungu: tuliomba ukuta, na Wewe ulisikia kwa sababu tulisema kwa sauti. Sasa tuna nguzo nyingi kuliko miti, na bonde liko palepale. Fedha ya vibao hivi ni ya watu waliolipa ushuru kwenye kila gunia la karoti, na Nassoro alikuwa mmoja wao. Utusamehe tuliokaa kimya. Uishike kona hii kwa mkono wako mpaka watu watakapoishika kwa mawe.

"Amina," kijiji kiliitikia, kwa sauti nzito iliyozidi ile ya kawaida. Wanawake wawili walikuwa wakijifuta macho.

"Amina!" alisema mgeni rasmi kwa furaha. Alimgeukia Hashimu. "Sala nzuri sana. Amesema nini mama?"

Hashimu alijibu haraka. "Ameshukuru, mheshimiwa. Amewashukuru kwa vibao. Anasema sasa tuko salama."

Kicheko kidogo, kisicho cha furaha, kilipita kwenye viti vya nyuma. Yunis alikuwa ameshaanza kukaa. Kila mmoja pale alijua alichosema, isipokuwa mtu aliyepaswa kukisikia. Alimtazama Glory. Glory alikuwa akimtazama yeye, bendera zote mbili zimeshuka mpaka chini, na uso wake haukumwambia mama yake aseme wala anyamaze.

"Sikusema hivyo," Yunis alisema.

"Mama Glory..." Hashimu alianza.

"Nisamehe, mwenyekiti. Sikusema hivyo, na ilikuwa sala. Siwezi kuiacha iwe uongo." Akayasema yote upya kwa Kiswahili, bila kipaza sauti, taratibu. Aliutaja ukuta. Alimtaja Nassoro. Alisema kuhusu kibao kilichokingwa na kingine, na ng'ombe wasiotoka bandani, na safari hii hakuna aliyecheka. Alitaja pia ufa wa asubuhi ile, na matawi yaliyoondolewa.

Hakusema nani aliyeyaondoa. Lakini Glory alikuwa amevaa kizibao, na watu wana macho.

Mgeni rasmi aliinuka, akatembea mpaka kwenye kona na viatu vyake vyeusi, watu wakimfuata, akachuchumaa kwenye ufa. Aliporudi alikuwa na matope mpaka kwenye soksi. Akaagiza matawi yarudishwe mara moja.

"Mama," akamwambia Yunis kwa sauti ya chini, "fedha hii ilikuja na jina lake. Imeandikwa alama za barabarani. Tusingeziweka, ingerudi ilikotoka, msingepata ukuta wala kibao. Mimi ningefanya nini?"

"Sijui, baba," Yunis alisema, na ni kweli hakujua. "Labda ungekuja kututazama kabla, kama ulivyotazama sasa."

Mgeni hakukasirika. Hilo lilimsumbua Yunis kuliko kama angekasirika. Alisema atalifikisha ombi lao, akakata utepe kwa sababu utepe ulikuwepo, akaondoka bila kula wali uliopikwa.

Hawa alikuja akamshika mkono, akaubana, akaenda zake kwenye matawi. Hashimu alipita bila kumsalimu.

Mchana, walipokuwa wakiondoa viti, Alen alimwita Glory kando. Yunis aliwaona kwa mbali. Hayakuwa mazungumzo marefu.

Nyumbani Glory alikaa kwenye ngazi ya mlango, akaanza kukunja kizibao, bega juu ya bega, kama anakunja nguo ya mtu mwingine.

"Amesema Muheza wana watu wa kutosha," alisema.

"Mwanangu, nitakwenda kuzungumza naye. Nitamwambia wewe hukuhusika..."

"Usiende, mama."

"Una haki ya kunikasirikia."

"Nimekasirika." Glory aliendelea kulainisha mikunjo. "Si kwa sababu umesema. Asubuhi pale kwenye kona, nilipokuwa na yale matawi, nilikusubiri unigombeze. Ungenigombeza ningeyaacha, na ningemwambia Alen mama amekataa. Ukaondoka kimya. Halafu ukaja kusema mbele ya watu wote, na mimi nimesimama pale."

Hakukuwa na jambo hata moja katika maneno yale ambalo Yunis angeweza kulikataa.

"Nisamehe," alisema.

Glory aliitikia kwa kichwa, si kwa kumaanisha yamekwisha, bali kwamba amesikia. Akaweka bendera juu ya kizibao, akainuka. "Ngoja nikawarudishie vitu vyao kabla hawajaondoka. Nataka nimpe Alen mkononi mwenyewe."

"Nikusindikize?"

"Hapana."

Alishuka kilimani akipita kati ya vile vibao, mgongo umenyooka. Mawingu yalikuwa yameanza tena kushuka kutoka msituni. Yunis alibaki mlangoni akamwombea. Alianza kwa kushukuru, kama ilivyokuwa desturi yake, akasita. Aliliacha neno lile kwanza, akaanza na toba.