Uyoga Wenye Mkia

Kaluki aliwahi kulazwa na dripu mkononi kwa sababu ya uyoga mweupe uliomea bomani. Yeye alipona. Jina la Mama Dripu ndilo halikupona: Kilungu nzima ililijua, na aliyelipenda zaidi ni wifi yake, Mutanu.

Leo wakwe walikuwa njiani kutoka Migwani kuja kumposa binti yake, Kanini, na Kaluki alikuwa ameapa kuwapikia uyoga. Alfajiri aliuchimbua kwenye kichuguu, pole pole, kila mmoja na mzizi wake mrefu kama mkia wa panya. Uyoga wa mchwa hauvunjwi juu juu. Unafuatwa hadi chini, uonyeshe kwao ni kwa mchwa.

Aliporudi na maji, alimkuta Mutanu ameinamia karai la uyoga, kisu mkononi.

"Nimekuongezea wangu, wifi. Na hiyo mikia yenye matope nimekata yote."

"Wako umetoa wapi?"

"Hapo bomani. Si uyoga ni uyoga?"

"Na mamba ni mjusi. Mfuge basi."

Kaluki alichungulia karai. Wote mweupe, wote mnono. Mmoja ulikuwa na pete shingoni kama ule wa bomani, lakini pete huanguka, na bila mikia hakuweza tena kujua upi ni upi. Aliutoa ule wa pete, akaukata kofia, akailaza kwenye sahani nyeupe na kuifunika bakuli. Uliobaki, wake na wa wifi, akaumwaga chooni.

"Wuui! Wageni watakula nini?"

"Watakula na kesho pia wataamka. Beba jembe, Mama Mikia!"

Walichimba kichuguu cha ng'ambo, Mutanu akilalamikia mgongo, mpaka kikapu kikajaa mikia.

Alasiri, Ndinda, mama wa bwana harusi mtarajiwa, alifuta sahani yake kwa tonge la mwisho la ugali. "Nani amepika hii?"

Mutanu alikuwa tayari na lile jina la Mama Dripu, na kicheko chake kimeshaanza. Kaluki akafunua lile bakuli, akainua kofia. Chini yake sahani ilikuwa na unga wa kijani uliodondoka kutoka kwenye kofia, kama mtu amesagia mchicha hapo.

"Huu wenye unga wa kijani ndio ulionilaza hospitali," alisema. "Mlioula ni wa mchwa."

Ndinda aliitazama ile sahani, akatazama watu wake wakiomba waongezewe. "Kanini akiwa na jicho la mamake, hatuondoki bila jibu la posa. Mama, unaitwa nani?"

Mutanu alimeza kicheko.

"Anaitwa Mama Kanini," akasema. "Na mgongo uliochimba ni wangu."