Namba Tatu Pembeni mwa Kioo

Kila jioni, dakika tano kabla ya taarifa ya habari, mwalimu mstaafu wa mantiki alisogeza kiti hadi mkono wake ukafika kwenye kioo cha televisheni, akachonga kalamu yake ya nta nyekundu, akangoja matangazo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefundisha chuo cha ualimu, na hakuona sababu ya kuacha kusahihisha eti kwa kuwa wanafunzi wamekwisha. Makosa ya hoja aliyapa namba. Kosa la Kwanza: koti jeupe si ushahidi. La Pili: wengi wakikosea pamoja, hawajapatia. La Tatu, alilolichukia kuliko yote: jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini si yeye anayelichomoza.

Alipoandika namba kwenye kioo, aliyekuwa akisema alinyamaza. Mwenye dawa ya meno alifumba mdomo. Mwenye sabuni akainamisha macho kama mtu aliyekutwa akionja mboga ya wageni. Kimya hicho kilienea katika televisheni za mtaa mzima mpaka tangazo liishe. Kituo kilimwandikia barua ya heshima, kikimwomba apunguze ukali. Jirani yake, mjane fundi cherehani, aligonga ukuta.

"Mwalimu, mwache basi mwenzio amalize. Ana watoto wa kulisha."

"Alishe watoto wake," alijibu mwalimu. "Asitulishe sisi uongo."

Mkewe ndiye aliyekuwa akifuta kioo kila Ijumaa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Sasa alikuwa na miezi saba kaburini, na kioo hakikuwa kimefutwa. Alikuwa na presha. Mwalimu aliposafiri wiki mbili kusahihisha mitihani ya watu, tangazo la dawa ya chupa ya kijani lilipita nyumbani kwake bila kusahihishwa, na mkewe akaacha vidonge vya hospitali.

Jumatatu moja mkewe alitokea katika tangazo hilohilo, amevaa gauni la bluu lenye kifungo kimoja cheusi kisichofanana na vingine.

"Nilisumbuliwa na presha miaka kumi na miwili," alisema. "Nikanywa chupa mbili. Tangu hapo sijaumwa kichwa hata siku moja."

Mwalimu aliipima kila sentensi, akaikuta kweli tupu. Miaka ilikuwa kumi na miwili. Chupa zilikuwa mbili; alizikuta mwenyewe chini ya kitanda. Na kwamba kichwa hakikumuuma tena, hapakuwa na wa kulipinga hilo. Nyumba ya matofali mazima nayo huwaangukia wenyewe, msingi ukiwa mbovu. Alijua hoja hiyo ya chupa ni Kosa la Tatu. Alijua pia kwamba akiliandika, sauti ile itazimika. Akairudisha kalamu mfukoni, na kwa wiki tatu akawa anavaa shati safi kabla ya taarifa ya habari.

Binti yake, karani wa posta, alifika jioni moja akitoka kazini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa, mama yako yuko karibu kuanza."

Binti alikaa, akatoa mkobani chupa ya kijani. "Vidonge vya presha vimenichosha na mimi. Nimeviacha tangu juzi."

"Mama yako alikunywa hiyo, akafa."

"Si huyo anasema kichwa hakimuumi? Hao wengine sawa, wanalipwa. Mama alipwe na nani?"

"Hilo ni Kosa la..."

"Baba, mimi si mwanafunzi wako. Kama una la kumpinga mama, mpinge mbele yake."

Tangazo likaanza. Mwalimu alimwacha mkewe aseme miaka, akamwacha aseme chupa. Kisha akaandika tatu, ndogo, pembeni kabisa, isimguse uso. Mkewe akanyamaza. Akamtazama kama alivyomtazama zamani alipomsahihisha mbele ya wageni. Akaiweka chupa chini, na sekunde zilizobaki akazitumia kukaza kile kifungo cheusi.

"Hukumwacha amalize," alisema binti.

"Sikumwacha."

Binti akaimwaga dawa kwenye sinki, akameza kidonge kwa maji ya bomba, akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake mwalimu alivaa shati safi. Mahali pa mkewe alisimama mume wa jirani, fundi bomba aliyefariki mwaka juzi, naye ameshika chupa ya kijani.

"Nilisumbuliwa na presha," alianza fundi bomba.

Nyuma ya ukuta cherehani ilinyamaza. Mwalimu aliinua kalamu. Safari hii ukuta haukugongwa. Ilikuja sauti tu, ya chini.

"Mwalimu, nakuomba. Miaka miwili sijamsikia. Kesho nitanunua hata chupa moja, ili wenye dawa wazidi kumleta."

Mkono wa mwalimu ulibaki hewani mpaka fundi bomba alipomaliza neno la mwisho, na taarifa ya habari ikaanza kwa wakati wake. Ndipo alipotafuta kitambaa na mafuta ya taa. Akafuta kioo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akafuta namba zote za miezi saba, taratibu, akaizunguka ile tatu ndogo ya pembeni bila kuigusa.